Aliyetembea Kinyumenyume Ufukweni

Wiki iliyopita niligombana na jirani yangu hapa Galbet, mtaa wa Garissa, kwa sababu ya kichwa cha samaki. Mtu kaletewa samaki wa mtoni, kala nyama yake, kichwa kakitupa nyuma ya ukuta wangu, na jua letu mnalijua. Siku ya pili harufu ilikuwa imeshaingia hadi kwenye foronya. Nilimwambia jirani maneno ambayo mwanamke aliyekwenda Hija hapaswi kuyatamka. Binti yangu akanivuta ndani. "Hoyo, ni samaki tu," akasema, "mbona unatetemeka?" Kichwa cha samaki kilichooza kilikuwa kazi ya bibi yangu, mama yake mama, na mimi na bibi yangu hatukupendana.

Watu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba sisi hatukuambiwa kitu. Vita vilipoingia Garissa, watoto tuliviona kwa vipandevipande. Mbuzi walifungiwa, wakubwa walizungumza kwa kunong'ona, ngamia wa jirani walipigwa risasi malishoni na hakuna aliyekula nyama yao kwa kuwa hawakuchinjwa. Siku moja Aabe, baba yangu, alikuwepo nyumbani. Siku iliyofuata nikaambiwa amekwenda Griftu kununua ngamia. Nikaamini. Kununua na kuuza ngamia ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mama alikuwa amefariki nikiwa na miaka minne, kwa hiyo nikabaki na Adeer Nur, mdogo wake Aabe, ambaye alikuwa akila kwetu kila siku na hakuwa na mke.

Adeer Nur alisoma nyayo kama watu wengine wanavyosoma barua. Alikuwa akinishika mkono tukatoka nje ya mji, akinionyesha kidole chini. "Hii nani?" Mimi nilitakiwa kujibu kama ni ngamia jike au dume, ana mimba au hana, amepita kabla ya umande au baada yake. Nikipatia, nilipewa tende. Nikikosea, alicheka mpaka akakohoa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, na nalisema hili mapema ili mjue.

Serikali nayo ikapata habari za kipaji chake. Askari walikuja kumchukua awasomee nyayo za watu wa porini, waliokuwa wakiitwa shifta, na hakuulizwa kama anataka. Nilikuwa sina mtu. Basi nikapandishwa lori la ngozi za ng'ombe, kisha punda kupita vichaka vya Ijara, hadi kwenye kijiji kidogo cha pwani kwa bibi yangu ambaye nilikuwa sijamwona maishani. Siku za mwanzo nililia kwa ajili ya maziwa. Nilikuwa na miaka minane.

Bibi alinipokea kwa kunitazama meno. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na mwili. "Baba yako alimtwaa binti yangu akampeleka kwenye vumbi, na vumbi likamla," akasema. "Sasa wewe umekuja kula samaki wangu." Nami, ambaye nyumbani nilifunzwa kuwaheshimu wakubwa, nikamjibu kwamba samaki wake wananuka na kwamba Aabe akirudi kutoka Griftu atanichukua. Alininyima chakula cha jioni. Tukaanza hivyo, na hatukubadilika.

Kazi yake ilikuwa kunasa minyoo ya baharini na kuwapa wavuvi wa mshipi, wao wakampa samaki. Hakupenda neno minyoo, yeye alisema chambo. Kule kwenye mikoko, upande wa maji yaliyotulia, kulikuwa na minyoo minene ambayo mtoto yeyote angeweza kuichimba kwa kijiti. Bibi aliidharau. Alisema ni laini, imelelewa kwenye matope, inatoka kwenye ndoana kabla samaki hajaionja. Chambo chake kilitoka kwenye ufuko ulio wazi, mahali ambapo hakuna mwamba wala kisiwa cha kuyakata mawimbi. Pale bahari ilikuja na nguvu zake zote, ikapiga, ikavuta mchanga, ikarudi kupiga tena. Mimi nilidhani imekasirishwa na mimi. Nilisimama mbali, kwenye mchanga mkavu, nikiwa na hakika kwamba wimbi linalofuata limenilenga.

Ukitazama ufuko ule ungesema hauna kitu hai. Hapakuwa na nyasi wala kombe, hata shimo la mnyoo hulioni, kwa kuwa kila wimbi lilifuta alama za mwenzake. Lakini minyoo walikuwepo, tena warefu kuliko mkono wa mtu mzima, wamesimama wima ndani ya mchanga kama vijiti vilivyochomekwa. Walikaa kwenye ukanda mmoja tu, pale maji membamba yanapopanda na kushuka. Juu ya hapo mchanga hukauka na mnyoo hufa. Chini ya hapo wimbi huvunjika na kumng'oa. Kwenye ukanda huo chakula huletwa na bahari yenyewe, majani ya mwani yaliyooza na samaki waliokufa, na mnyoo hutoa kichwa kidogo kula, kisha hujivuta chini kabla pigo jingine halijafika. Wanyonge hawakuweza kuishi pale, Bibi alisema, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Upepo wa kusi ulipovuma, bahari iliukata ufuko ukawa kama ukuta, na minyoo ikapotea wiki nzima mpaka mchanga uliporudi. Wakati huo Bibi alikuwa mkali kuliko kawaida, na sisi wawili tulikula muhogo mtupu.

Namna yake ya kuwanasa ilikuwa hivi. Alifunga kichwa cha samaki kilichooza siku mbili kwenye kamba, akakiburuta juu ya mchanga maji yanaporudi, huku yeye mwenyewe akitembea kinyumenyume ili macho yasiondoke kwenye alama ya kamba. Mnyoo akisikia harufu, anainua kichwa, na maji membamba yanayoshuka yanagawanyika pale alipo. Hapo Bibi alipiga magoti, akampa kipande cha samaki kwa mkono wa kushoto. Mnyoo anauma, anajikunja kuvuta. Wakati ule ule amejikunja, kabla hajavuta, vidole viwili vya mkono wa kulia vinambana chini ya kichwa, na anatolewa taratibu, kwa mwendo mmoja, bila kusita. Ukiharakisha, anakatika. Ukichelewa, anashuka na humwoni tena.

Mimi niliwakata wote. "Una mikono ya kukamulia ngamia," Bibi alisema kwa lahaja yake ya pwani. "Ndoo hapa! Kila siku nakwambia tazama kwa mato, usitazame kwa hasira!" Nilikuwa na nusu ya mnyoo ikijipindapinda kiganjani, nikatamani kumtupia usoni. Kusema kweli, siku moja nilimtupia.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, maji yalikuwa yamekupwa mapema. Bibi aliburuta kichwa chake cha samaki urefu wote wa ufuko, akapiga magoti hapa na pale, akapata sita au saba, akawawahi wavuvi wakiondoka, akawapa wote, akarudi nyumbani. Bahari ilikuwa bado chini kabisa, alama zake zote zikabaki wazi kwenye mchanga ulioloa. Hatujamaliza kunywa chai, nikasikia mbwa wanabweka. Askari walikuwa wamesimama mlangoni, kama kumi hivi, wakiongozwa na afisa mrefu wa bara mwenye midomo iliyopasuka kwa jua. Mbele yao, macho chini, akizifuata nyayo za Bibi hatua kwa hatua hadi kwenye kizingiti chetu, alikuwa Adeer Nur.

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Aliinua macho, akaniona. Ninaapa aliniona. Kisha akanipita kwa macho kama anavyopita mtu kwenye mlango wa duka lisilo na anachotaka.

"Ni hapa, afande," akamwambia afisa kwa Kiswahili chake. "Hii mutu natembea nyuma-nyuma. Naburuta kitu, nafuta nyayo. Kila hatua ishirini nabiga magoti, naweka kitu chini. Mimi najua hii kazi. Watu ya borini nafanya hifi."

Mtu aliyekulia kwetu angesoma vile vile. Bara, mtu akitembea kinyumenyume, anataka umfuate upande usio wake. Akiburuta tawi nyuma yake, anafuta nyayo. Akipiga magoti mara kwa mara kwenye njia, basi anazika. Siku zile magari yalikuwa yakilipuka barabarani kwa vitu vilivyozikwa, na askari walikuwa wakiogopa hata ardhi yenyewe. Adeer Nur hakuwa amewahi kuiona bahari mpaka wiki ile. Aliusoma ufuko kama angelisoma bonde la Hadado kule bara, na alisoma bila kosa hata moja, ila tu hakujua kwamba kuna mnyama anayewindwa hivyo.

"Mama, umezika nini kule?" afisa akauliza.

"Natafuta chambo."

"Chambo cha nini, mahali hapana hata shimo?"

Bibi hakuwa mtu wa kueleza mambo mara mbili. Alimwambia afisa kwamba kama hajui bahari arudi kwao akalime viazi. Askari mmoja akamsukuma, akaanguka, na katika vurugu ile kiatu kikamkanyaga mkono wa kulia. Wakamfunga kamba. Afisa akamgeukia Adeer Nur, akanionyesha mimi. "Na huyu? Anafanana na watu wako. Unamjua?"

"Simjui," Adeer Nur akasema. "Ni mtoto ya hapa."

Mpaka leo, nikiwa na wajukuu, nikikumbuka neno lile mwili unanichemka kama siku ile. Nilidhani ananionea haya. Nilidhani amepata sare na viatu vya serikali, sasa hataki kuonekana na mtoto anayenuka samaki. Tende zote alizonipa zikanigeukia uchungu. Nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamwaibisha mbele ya wakubwa zake.

Tulipelekwa ufukweni wote. Askari walidunga mchanga kwa vyuma virefu, polepole, jasho likiwatoka, na kila shimo walilotoboa lilijifunga kabla hawajainama kutazama. Hawakupata kitu. "Iko chini sana," Adeer Nur akasema, lakini nilimwona anatazama maji yanavyopanda na kufuta alama zake, na uso wake haukuwa na raha. Afisa naye aliyaona maji.

"Mama," akasema, "kama kuna mdudu, nionyeshe mdudu. Bahari ikifika pale kwenye ule mwani bila mimi kumwona, tunakwenda na wewe."

Kila mtu alijua maana ya kwenda nao. Wanaume wawili wa kijiji walikuwa wamekwenda nao mwezi uliopita na hawakurudi. Walimfungua Bibi kamba. Akajaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia, vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi, vikakataa. Hakulia wala hakuomba. Alinitupia ile kamba yenye kichwa cha samaki, ambayo askari walikuwa wameibeba kutoka nyumbani.

"Huyu atafanya," akasema. Kisha akanisogelea sikioni. "Leo usinikate, wewe mtoto wa ngamia."

Niliburuta. Nilitembea kinyumenyume huku mgongo wangu ukiwa upande wa askari, wimbi likanipiga magotini, nikaendelea. Kichwa cha kwanza kiliinuka, nikapiga magoti, nikambana mapema mno, akakatika. Afisa alisema kile kipande ni utumbo wa samaki tu. Cha pili kikashuka kabla sijakigusa. Bahari ilikuwa imebakiza hatua chache kufika kwenye mwani. Nilipoona maji yanagawanyika mara ya tatu, sikumfikiria Bibi hata kidogo. Nilimfikiria Adeer Nur na lile neno lake, na hasira ilikuwa nyingi mpaka mikono ikatulia. Mnyoo aliuma. Akajikunja. Nikambana, nikamvuta kwa mwendo mmoja, akatoka, akaendelea kutoka, mwekundu, anang'aa, mwenye vijimiguu pande zote, mrefu kuliko mkono wangu wote hadi begani. Askari wawili waliruka nyuma. Afisa alicheka kicheko cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu.

"Haya, kumbe kweli," akasema. "Mama, nenda nyumbani."

Ingeishia hapo. Bibi alikuwa ameshageuka kuondoka. Lakini mimi nilikuwa bado sijapata changu. Nilimwendea Adeer Nur na mnyoo ule ukining'inia, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Adeer Nur, wewe ulinifundisha nyayo, na hujui kusoma nyayo za bibi yangu!"

Afisa akaacha kucheka. "Unamjua huyu?"

"Ni ndugu wa baba yangu. Alikuwa anakula kwetu Garissa kila siku."

"Yeye amesema hakujui."

"Mwongo!"

"Na baba yako yuko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa Adeer Nur alijibu, haraka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Amekufa. Afande, ndugu yangu amekufa samani."

Nilipiga ukelele. Nilidhani anamwombea Aabe kifo. "Hajafa! Amekwenda Griftu kununua ngamia!"

Soko la Griftu lilikuwa limefungwa mwaka mzima na ngamia wa wilaya ile walikuwa wakipigwa risasi. Mtu mzima yeyote aliyesikia kwamba mwanamume wa Garissa ameaga watu wake kwenda kununua ngamia Griftu alijua amekwenda wapi hasa, kwamba ni porini. Wote pale walielewa isipokuwa mimi niliyesema.

"Jina la baba yako nani?" afisa akauliza.

Kofi la Bibi lilinipata mdomoni kabla sijajibu. Alinipiga kwa mkono ule uliovimba, nikaanguka, mdomo ukajaa damu na mchanga. "Huyu mtoto ni mwongo tangu azaliwe," akamwambia afisa. "Baba yake simjui. Kama mngemjua, mngeniambia nimtie kisu." Nililala pale nikimchukia kwa roho yangu yote.

Afisa alitutazama mmoja mmoja. Bahari ilikuwa imefika kwenye mwani. Akaamua kuchukua alichokuwa na hakika nacho, mfuata nyayo aliyeficha ndugu zake na kuwapotezea asubuhi nzima wakidunga mchanga. Wakamfunga Adeer Nur kwa kamba ile ile waliyomfungua Bibi. Aliponipita hakuwa na hasira. Alisema neno moja la nyumbani, "Aamus," yaani nyamaza, kwa upole, kama aliponinyamazisha ili tusimshtue dikidiki. Nikanyamaza, muda ulikuwa umeshapita.

Hatukumwona tena. Kijiji kilihamishwa baada ya wiki chache, tukakimbilia upande wa Lamu, mimi na Bibi tukilala kwenye mkeka mmoja tumepeana migongo. Vita vilipokwisha nilirudishwa Garissa, na Aabe alikuwepo, amekonda, ana kovu shingoni, hai. Hakuwahi kuniambia alikuwa wapi. Kitu kimoja tu kilimkaa moyoni. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mdogo wake alitajwa na mtu wa pwani, ufukweni, mbele ya askari. Aliniuliza mara moja kama nilikuwepo. Nilisema nilikuwa nimejificha.

Mwaka uliofuata Bibi alikuja Garissa bila kuitwa. Alikuja kwa lori, na mzigo mdogo mgongoni, vidole vya mkono wa kulia vimekauka vimejipinda. Aabe alimkaribisha kama dini inavyotaka, akaweka sinia ya wali katikati, tukakaa watatu. Aabe mwenyewe hakula. Alisubiri mgeni ale tonge tatu, kisha akauliza.

"Mama, nani alimtaja Nur?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua kila kitu kwa wakati huo, nilikuwa nimeshakiweka pamoja kipande kwa kipande. Nilitazama wali. Nilimsikia Bibi anatafuna, anameza, anapangusa mdomo.

"Mimi," akasema.

Aabe alisimama. Hakumgusa. Alimwambia kwamba lori la kurudi linaondoka baada ya alasiri na kwamba jina lake halitatajwa tena katika nyumba ile. Bibi alitaka kujua kama anaweza kumaliza wali. Alipomaliza, nilitumwa nimbebee mzigo hadi stendi.

Kwenye lori, akiwa ameshakaa juu ya magunia, aliinama akautwaa mzigo mikononi mwangu.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Mimi sina kwangu tena, hakuna wa kunifukuza. Wewe una baba. Usidhani ni mapenzi. Sikupendi."

"Na mimi sikupendi," nikamjibu, kama nilivyozoea kumjibu. Dereva akawasha lori, nami nikarudi nyumbani kwa Aabe.